Duncan Haokoleki

Juma lililopita, katika kikao cha wazazi kwenye skuli moja ya huku kwetu Thornton Heath, London, mwalimu kijana alisimama akatuarifu ya kwamba vijana wa zama hizi hawana tena subira ya kitabu, na kwa hivyo Macbeth itaanza kufundishwa kwa mchezo wa video, ambamo kila mwanafunzi atashika pedi, awe yeye ndiye Macbeth, achague mwenyewe kumwua mfalme Duncan au kumwacha hai. Wazazi wenzangu wakapiga makofi. Mimi nilighadhibika, na ghadhabu hiyo haijanitoka hata leo.

Achague! Tanzia yote imesimama juu ya jambo hili moja, kwamba msomaji hana hiari. Amjua Macbeth kuwa ni shujaa, ausikia moyo wake ukisitasita, atamani kumshika mkono pale kizani, na asiweze. Ukurasa wageuka na mfalme afa, kama alivyokufa tangu tamthilia hiyo ilipotungwa, yapata mwaka 1606. Mpe kijana pedi, naye atamwokoa Duncan, atahesabiwa pointi zake, atakwenda kulala, wala hatajua lolote juu ya mtu aliyekimbiwa na usingizi kwa kitendo kisichorudika.

Husemwa kwamba gemu nazo zina maneno mengi ya kusoma. Karatasi ya dawa ya kikohozi nayo ina maneno mengi, na sijamsikia aliyeitungia mtihani wa fasihi. Na mtihani wenyewe wa GCSE mwanafunzi huufanya bila ya kitabu mkononi, kwa maneno aliyoyahifadhi. Pedi itamhifadhisha nini?

Ati hawana subira! Nyanya yangu wa Lamu, asiyekaa skuli hata siku moja, alikuwa na Utenzi wa Mwana Kupona kifuani mwake toka mwanzo hata mwisho, kwa kuwa aliketishwa na mamaye akafunzwa ubeti baada ya ubeti. Subira hufunzwa, nayo yataka mahali. Halmashauri yetu ya Croydon ilifunga maktaba nne mwaka 2024. Hii ya Brigstock Road, iliyofunguliwa mwaka 1914, ingali imesimama, alhamdulillahi, na katika kikao kile kizima hakuna aliyeitaja.

Usiku ule nilimtolea mjukuu wangu Makbeth iliyotafsiriwa na S. S. Mushi, chapa ya mwaka 1968, tukasoma kwa zamu, yeye Kiingereza chake na mimi Kiswahili changu. Tulipofika pale Macbeth anapokielekea chumba cha mfalme, mtoto akaweka kiganja juu ya ukurasa.

“Babu, hawezi kurudi?”

Nikamwambia hawezi. Akanyamaza kitambo kirefu, kisha akaondoa kiganja, tukaendelea.