Kuzuia Matangazo Si Wizi

Kuna neno limezoeleka midomoni mwa wenye tovuti za habari, na siku hizi hata wasomaji wanalirudia: anayetumia kizuia matangazo ni mwizi. Anasoma bure jasho la mwandishi, na akifungiwa mlango kisha akatafuta njia ya kuuzunguka, eti wizi wake umekuwa maradufu. Nimelisikia hata kwa watu ninaowaheshimu, wanahabari wanaosubiri mshahara uliochelewa. Machungu yao nayaelewa. Lakini neno lenyewe si kweli, na kwa kuwa linatumika kuwatia watu aibu ili wawafungulie simu zao wasiowajua, lazima lipingwe.

Wanaolitetea hupenda mfano wa mgahawa: umekula, umeondoka bila kulipa. Sawa, twende mgahawani. Pale bei imebandikwa ukutani kabla hujaketi, na mwenye mgahawa hapekui mifuko yako wakati unatafuna. Kwenye tovuti, makubaliano yako wapi? Msomaji amebonyeza kichwa cha habari, basi. Kabla ukurasa haujamaliza kufunguka, mahali alipo, aina ya simu yake na anachokisoma vinapelekwa kwenye mnada wa kampuni lukuki, kila moja ikitaja dau lake ili imwonyeshe tangazo. Hata zilizoshindwa mnada zimeshapata taarifa zake. Hilo ndilo linaloitwa malipo ya haki, na anayelikataa anaitwa mwizi.

Tuutazame na huo mlango wanaoufunga. Tovuti huweka ndani ya ukurasa kisanduku kitupu kilichopewa jina la tangazo makusudi, ili kizuia matangazo kikione na kukificha. Punde msimbo wa tovuti unakipima kisanduku hicho. Urefu wake ukiwa sifuri, wamekushika: pazia linashuka juu ya habari na amri inatokea, zima kizuizi chako ndipo usome. Mara nyingi habari yenyewe imeshatumwa na imeshafika kwenye simu yako. Iko nyuma ya pazia tu. Ndiyo maana anayewasha hali ya kusoma kwenye kivinjari, au anayezima JavaScript, yaani msimbo huo, kwa tovuti hiyo, huikuta yote imetulia. Hajavunja kufuli la mtu wala hajaiba nywila. Simu ni yake, na ameamua msimbo upi uendeshwe ndani yake na upi usiendeshwe.

Simsemei anayevunja ukuta wa malipo. Gazeti likisema wazi kwamba habari hii ni kwa waliolipia, bei imetajwa, na asiyetaka kulipa aiache. Kuyachanganya mambo haya mawili ndiko kunakoipa nguvu lawama ya wizi.

Gharama, tena, haiko upande mmoja. Mwaka 2015 New York Times lilipima tovuti 50 za habari kwenye simu na kukuta kwamba zaidi ya nusu ya data yote ilitumiwa na matangazo. Ukurasa wa mbele wa Boston.com ulibeba megabaiti zaidi ya 15 za matangazo kwa takriban 4 za habari. Anayenunua bando la siku, awe Temeke au Kisumu, amelipia megabaiti hizo kwa fedha yake taslimu kabla hajasoma sentensi ya kwanza.

Halafu kuna hatari, na hapa ndipo sina subira kabisa na wanaotuhubiria uaminifu. Mwishoni mwa 2015 jarida la Forbes la Marekani lilianza kuwafungia wasomaji wenye vizuia matangazo. Septemba ya mwaka huo huo kampuni ya usalama ya FireEye ilikuwa imeripoti kwamba matangazo kwenye tovuti hiyo yaliwapeleka wasomaji kwenye mitego ya programu hasidi. Tarehe 31 Oktoba, PageFair, kampuni iliyozisaidia tovuti kukabiliana na vizuia matangazo, ilivamiwa na wadukuzi. Kwa zaidi ya saa moja msimbo wake ukasambaza sasisho bandia la Flash kwa wasomaji wa wateja wake, likiwamo jarida la The Economist. Machi 2016 matangazo yenye sumu yalipita New York Times, BBC na AOL, yakijaribu kupandikiza programu inayofunga mafaili ya mtu kisha inadai fidia. Wahariri hawakuyachagua; yaliletwa na mnada.

Desemba 2022 FBI, polisi wa upelelezi wa Marekani, iliwashauri wananchi watumie vizuia matangazo wanapotafuta vitu mtandaoni, kwa sababu matapeli walikuwa wakinunua matangazo ya kuwaigiza wafanyabiashara halali. Chombo ambacho polisi wanamshauri raia ajikinge nacho, tovuti inamtaka akizime kama sharti la kusoma. Akidhurika, nani atamlipa?

Na fedha yenyewe haimfikii mwandishi kama tunavyoambiwa. Utafiti wa kampuni ya ukaguzi ya PwC kwa ajili ya ISBA, chama cha Uingereza cha kampuni zinazotangaza bidhaa zao, uliotoka 2020, ulikuta kwamba wachapishaji walibakiwa na takriban nusu ya kila pauni iliyotolewa na mwenye tangazo. Sehemu ya fedha hiyo haikujulikana imeishia wapi. Aprili 2025 mahakama ya shirikisho Marekani iliamua kwamba Google ilijijengea ukiritimba kinyume cha sheria katika mitambo ambayo wachapishaji huuzia matangazo yao. Mhariri anayetafuta aliyemnyang'anya riziki aanzie huko.

Ujerumani, mchapishaji wa gazeti la Bild, Axel Springer, aliwashtaki wenye kizuia matangazo cha Adblock Plus. Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Shirikisho ikaamua kwamba kuitoa programu hiyo kwa watu si ushindani haramu. Kesi nyingine ya hakimiliki ilirudishwa Hamburg Julai 2025 isikilizwe upya. Wanasheria waendelee kubishana. Msomaji aliyefumba macho mbele ya tangazo hakuwahi kuwa mhalifu enzi za karatasi, na hajawa leo.

Nawaomba wahariri wauze nafasi ya tangazo wenyewe, kama walivyofanya gazetini: picha iliyokaguliwa, inayotoka kwenye seva ya gazeti, isiyomfuata mtu. Ster, inayouza matangazo ya utangazaji wa umma Uholanzi, iliacha vidakuzi vya ufuatiliaji 2020 na miezi ya mwanzo mapato yake yakapanda. Nawe msomaji, kama kuna gazeti unaloliamini, lilipie, hata kama ni kidogo. Lakini kizuia matangazo kiache kimewashwa, na usikubali mtu akuite mwizi kwa kuilinda simu yako.