Mkimbiaji wa Tano



Siye wa mwaka wa sita tuko na neno juu ya timu yetu ya mbio. Kila mara inaporudi, watu wanauliza paka jambo moja: "Nani alitangulia?" Yule anapigiwa makofi asubuhi mbele ya bendera. Wengine wananawa miguu na kunyamaza. Siye tunaona hiyo ni kosa.

Sikieni mfano. Huko Marekani, ku mpaka wa Mexico, kuna Universite ya Texas ya El Paso. Toka Novemba 1981 mpaka Juni 1982, timu yake ya wanaume ilishinda mara tatu mashindano ya universite za inchi nzima: mbio za porini, michezo ya ndani ya nyumba, na michezo ya uwanjani. Miaka ile walisoma kule watu wa Kiswahili kama siye: Suleiman Nyambui na Gidamis Shahanga wa Tanzania, na Michael Musyoki wa Kenya. Nyambui alipata medali ya feza ku Olimpiki ya Moscow, mwaka 1980, mbio ya metre 5 000.

Lakini angalieni namna wanahesabu mbio za porini. Wakimbiaji saba wanaanza, watano wanahesabiwa. Wa kwanza analeta pointi 1, wa pili 2, na vivyo hivyo. Timu yenye hesabu ndogo ndiyo inashinda. Hakuna hesabu ndogo kupita 15. Mwaka 1981 El Paso walipata 17! Kama mtu wao wa tano angefika wa hamsini, ile 17 ingekuwa 60 ao zaidi, hata wa kwanza akimbie kama swala.

Kwetu je? Mbele ya likizo, mkimbiaji wetu wa tano alikosa masomo siku tatu juu ya mashindano. Aliporudi hakuna aliyemkopesha kaye ya hesabu. Siye tulikuwa nazo, hatukumpa. Alianguka ku egzame. Sasa anasema hatakimbia tena, na hatuna neno la kumjibu.

Basi tunaomba mambo mawili. Mbele ya bendera, yatajwe majina yote matano. Na kila darasa lichague wawili wa kuandikia masomo wale waliosafiri. Siye tutaanza.

Tena jambo hili si la mbio tu. Egzame ya Leta ikitoka, wazazi wa Mulongo hawaulizi tu nani alikuwa wa kwanza. Wanauliza wangapi walipata diploma.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto juu ya mbio. Katika barua ile ile aliwaandikia juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi. Tusisome sura moja na kuruka ingine.