Wacha kulaumu intaneti, kwanza pasha vidole

Wasee wa Tekken, leo naongea na nyinyi. Kila mashindano ya mtaa nasikia wimbo mmoja: hatuwezi shika Wakorea juu intaneti yetu ni mbovu. Sawa, kuna ukweli hapo. Ukicheza na mtu wa mbali, ngumi zinachelewa. Lakini hebu niambie, modi ya mazoezi inataka intaneti gani? Haitaki hata bando ya shilingi tano. Na hapo ndipo wengi wetu hatukanyagi.

Maoni yangu ni haya: kucheza mechi 30 usiku mmoja si mazoezi. Ni mechi 30 tu. Eliud Kipchoge, miaka yake ya kilele, alikuwa anakimbia marathoni mbili hivi kwa mwaka. Siku zingine alikuwa Kaptagat akirudia mazoezi yale yale. Sisi tunataka kukimbia marathoni kila usiku halafu tunashangaa mbona hatuongezi kasi.

Chukua Snake Edge ya Bryan, lile teke la chini linalofagia miguu. Tekken inaenda fremu 60 kwa sekunde, na hilo teke linachukua karibu nusu sekunde kukufikia. Mtu wa kawaida akiona kitu, mkono wake unajibu kwa robo sekunde hivi. Kwa hivyo muda uko. Mbona bado tunalila? Juu mkono haujazoea. Unaona, unashtuka, unafikiria, na tayari uko chini. Kwa mechi nzima unaweza kutana nalo mara mbili. Kwa modi ya mazoezi utalipata mara 50 kabla chai ipoe.

Ratiba yangu ni ya dakika 20:

Dakika 3: mikono. Fungua na ufunge ngumi, zungusha viganja polepole. Baridi ya Julai hapa Nairobi inagandisha vidole, na kidole baridi hakibonyezi kwa wakati. Ukisikia uchungu, wacha.

Dakika 5: miguu. Rudi nyuma, ingia, kwepa kando. Fanya ukiwa upande wa kushoto, halafu wa kulia. Wengi ni moto upande mmoja tu.

Dakika 7: adhabu. Rekodi mpinzani wa kompyuta akifanya mapigo mawili, moja la juu na moja la chini, kisha yaje bila mpangilio. Zuia, adhibu.

Dakika 5: kombo moja, mara 10 mfululizo. Ukiikosa ya tisa, unaanza sifuri. Hiyo ya tisa ndiyo inafanana na presha ya fainali.

Na tusichanganye mambo. Mazoezi yanajenga, kupasha kunaamsha. Siku ya mashindano si siku ya kujifunza kombo mpya uliyoona jana kwenye video. Amsha zile unazojua, basi.

Najua mtasema: buda, mimi sina PS, nalipa kwa saa, na foleni nyuma yangu itanitusi nikianza kupiga sanamu lisilojibu. Hiyo ni pointi ya kweli, na si kosa la mchezaji. Ndio maana nawaomba wenye kumbi za gemu: asubuhi viti vyenu viko tupu. Wekeni bei ya chini ya mazoezi kabla ya saa sita. Nyinyi mnapata kitu, na mtaa unapata mchezaji.

Na si ndoto. Arslan Ash anatoka Lahore, Pakistan, na alinolewa kwenye kumbi za gemu za kwao. Mwaka wa 2019 alishinda EVO Japan, halafu akaenda Las Vegas akashinda EVO yenyewe, mbele ya Wakorea na Wajapani ambao dunia nzima ilikuwa inaogopa. Pakistan si nchi ya intaneti ya ajabu. Walikuwa na kumbi, na walikuwa wananoana.

Kwa hivyo wiki hii, kabla ulipe kiingilio cha mashindano yoyote, jaribu dakika 20 kila siku kwa siku saba. Ukipigwa bado, angalau utajua ni pigo gani lilikumaliza na utalifanyia kazi kesho yake. Hiyo intaneti haiwezi kukuambia.