Chozi Mlangoni Mwetu



Nyumbani kwetu Bagamoyo, hii ya Tukuyu wilayani Rungwe wala si ile ya pwani, upo mparachichi ambao tawi lake hugonga bati kila mvua inyeshapo kwa upepo. Nilikwisha kunoa panga nilikate, mke wangu akanizuia. "Baba watoto, tazama kwanza kinachoning'inia pale."

Kilikuwa kiota cha chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, afyonzaye mbochi katika maua ya migomba. Kwa mbali ungedhani ni takataka zilizonaswa na tawi: nyasi kavu, vipande vya magome, nyuzi za buibui. Kumbe nyuzi zile ndizo zinazoshikamanisha nyumba nzima, nazo hunyumbuka upepo ukivuma. Mlango uko ubavuni, na juu yake kimetokeza kipaa cha kukinga mvua. Subhanallah! Nikaweka panga chini, ingawa kwa shingo upande.

Jike peke yake ndiye aliyeatamia, muda wa kama wiki mbili. Dume, mwenye manyoya ya kumeremeta, alikaa kileleni akiwafukuza chozi wengine. Nikamcheka: "Huyu naye ni mwanamume wa barazani." Mke wangu hakucheka.

Makinda walipoanguliwa, mambo yakabadilika. Kinda hakui kwa mbochi pekee. Huhitaji wadudu na buibui ili mwili ujengeke. Basi dume naye akawa anakuja na chakula mdomoni, akitoka jike, anaingia yeye. Binti yetu wa miaka saba alikuwa akihesabu safari zao dirishani. Jioni moja akaniuliza kwa utulivu: "Baba, na wewe zamu yako ni lini?"

Sikuwa na jibu. Tangu azaliwe mtoto wetu wa tatu, nilikuwa nikitoka msikitini baada ya Isha na kuketi barazani mpaka saa nne, nikiamini kwamba fedha ya matumizi niliyoiacha asubuhi ndiyo malezi yenyewe. Mama yao alikesha na mchanga, akaamka alfajiri kwa ajili ya wakubwa. Nami nilikuwa nimemcheka ndege!

Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Habari hiyo nimeisikia tangu utotoni, lakini sikuifanyia kazi.

Makinda wamekwisha kuruka. Tawi bado linagonga bati. Nitalikata, inshaallah, mvua zikipungua. Barazani ninaaga mapema siku hizi, na wenzangu wananitania. Mchanga amekwisha kuzoea kulala kifuani pangu.

Ndugu yangu mwenye familia, usingoje mtoto akuulize. Wabillahi tawfiq.