Watafiti wa umaskini wanadaiwa na Wusi

Robert Chambers aliitumikia serikali ya kikoloni ya Kenya kama ofisa wa utawala kabla hajawa msomi. Baadaye akawa miongoni mwa wanasayansi ya jamii wanaosikizwa sana duniani kuhusu umaskini wa vijijini. Katika kitabu chake cha mwaka 1983 aliwasuta wenzake waziwazi: huzuru vijiji wakati wa kiangazi, hawaiachi barabara ya lami, huzungumza na wanaume na wakubwa wa mahali, kisha hurejea mjini.

Mkazi wa Wusi, huku juu katika milima ya Taita, hahitaji kufafanuliwa maneno hayo. Lami ipandayo kutoka Mwatate kwenda Wundanyi ndiyo ramani ya watafiti wengi. Ng'ambo ya bonde, wakati wa masika, ni nadra kumwona mtu na hojaji yake.

Mimi ni mwanaisimu, si mwanauchumi, na katika orodha ya Chambers ningependa kuukazia upogo mmoja: lugha. Hojaji hutungwa kwa Kiingereza, zikafasiriwa upesi upesi. "Mkuu wa kaya ni nani?" Kwa majirani zetu Wamijikenda, kaya ni msitu mtakatifu wa wahenga. Na hata neno hilo likieleweka, mume akiwa kibaruani Mombasa, huku mke ndiye alimaye, auzaye mboga na alipaye karo, mkuu ni yupi? Karani huandika jina la mume, na hesabu zote zifuatazo husimama juu ya jina hilo.

Tazama pia neno lenyewe. Kiswahili kina maskini, fukara, mkata na hohehahe. Na katika zaka, fakiri na maskini ni watu wawili tofauti. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015/16 ulipiga mstari: mwanakijiji ambaye matumizi yake kwa mwezi hayakufikia shilingi 3,252 alikuwa maskini, akatiwa katika asilimia 36.1 ya Wakenya wote. Sikidharau kipimo hicho. Bila tarakimu wanasiasa wangetudanganya zaidi. Hata hivyo, mstari huo haumjui mjane aliyeuza mbuzi wake wa mwisho ili mtoto arudi shuleni. Mwezi ule wa karo, matumizi yake yalipanda!

Mwaka 1999 serikali ilitangaza mpango wa kuutokomeza umaskini, wa hadi mwaka 2015. Mwaka 2001 ukaja mkakati wa kuupunguza. Sikumbuki baraza lolote lililoitishwa hapa ili wananchi waelezwe kwamba kitenzi kimebadilishwa.

Kwa majibu ya wanakijiji watu wamepata shahada, vyeo na safari. Majibu hayo yamo katika maktaba za Nairobi na Uingereza, kwa Kiingereza, ilhali Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Tume ya sayansi, itoayo vibali vya utafiti, iweke sharti moja zaidi: muhtasari wa Kiswahili usomwe barazani, mbele ya waliohojiwa, nao wapewe nafasi ya kupinga kilichoandikwa juu yao. Gharama yake ni kurasa chache na nauli ya kurudi Wusi, ikiwezekana wakati wa mvua.