Kuku wako wanalala wapi?

MFUGAJI wa kuku wa kienyeji akiulizwa ana kuku wangapi, mara nyingi hujibu kwa kukadiria: "Wapo kama ishirini hivi." Ukimwuliza wanalala wapi, atakuambia wengine jikoni, wengine juu ya mwembe, na yule mtetea mweusi kwenye mkokoteni. Kwa macho ya uchumi, majibu hayo mawili ni tatizo moja. Asiyewafungia kuku wake usiku hana namna ya kuwahesabu, na asiyewahesabu hajui kama mradi unampa faida au unamla.

Zamani hasara hiyo ilivumilika kwa sababu kuku walikuwa hawanunuliwi. Ulipewa mtetea na shangazi, akazaa, basi. Siku hizi mambo yamebadilika. Mradi wa ACGG, ulioanza mwishoni mwa mwaka 2014, ulijaribisha kuku aina ya Sasso na Kuroiler kwa wafugaji wa vijijini nchini Tanzania, wakigawiwa baada ya kulelewa hadi wiki sita, na leo wapo wakulima wengi wanaonunua vifaranga wa aina hizo kwa fedha taslimu, wengine kwa mkopo wa kikundi. Kuku hao wana mwili mkubwa, na kuku mzito hapandi mwembe. Hulala chini, pale giza lilipomkuta. Kicheche hahitaji hata kupanda.

Tufanye hesabu kidogo, tukianza na mtetea wa kawaida. Kwa mwaka hutaga na kuatamia kama mara tatu, mayai 10 hadi 15 kila mara. Tuseme anaangua vifaranga 10 na watano tu ndio wanaofika umri wa kuuzwa, maana wengine huondoka na magonjwa, mwewe na baridi. Hao ni kuku 15 kwa mwaka. Tukiweka bei ya mfano ya Sh10,000 kwa kila mmoja, tunapata Sh150,000. Mtetea huyo akichukuliwa usiku mmoja mwezi Februari, mwenyewe atasema amepoteza Sh10,000, kumbe kilichoondoka ni karibu mapato yote ya mwaka. Na kama alikuwa anaatamia, mayai yote yamepotea. Weka bei ya kwenu, uone mwenyewe.

Ukizungumzia banda, wafugaji wengi hulalamika kwamba walijenga lakini kuku wakakataa kulala humo. Hapa sisi washauri tunakosea tunapodhani ni ukaidi wa kuku au uvivu wa mfugaji. Chukua tochi uingie ndani usiku. Utitiri na papasi hujificha mchana kwenye nyufa za miti na chini ya fito, na giza likiingia hutoka kunyonya damu. Kuku aliyeumwa usiku kucha ana haki ya kurudi mtini! Dawa ya viroboto itasaidia, lakini kwanza ziba nyufa kwa udongo, toa kinyesi kila wiki, chomoa fito uzianike juani, na usipange viota kwa miti yenye magome. Hewa nayo ipite, kwani banda lililozibwa kila upande hunuka na kuwaletea kuku mafua.

Kuna na suala la muda. Kuku haoni vizuri gizani, hivyo hutafuta pa kulala kabla jua halijazama kabisa. Anayekumbuka kufunga saa mbili usiku anafungia kuku walioamua kuingia, si kuku wake wote. Konzi moja ya pumba au chenga za mahindi, inayotolewa bandani kila siku saa 12 jioni, itawafanya waje wenyewe baada ya wiki chache. Wakati huo ndio wa kuhesabu na kuandika kwenye daftari. Mtoto wa darasa la tatu anaiweza kazi hiyo, na mara nyingi huifanya kwa uaminifu kuliko baba yake.

Ujenzi wenyewe sitausemea sana. Banda lililoinuliwa juu ya nguzo ni bora, na nguzo zikisimamishwa kwenye makopo yenye oili chafu siafu hawapandi. Wavu wenye matundu makubwa humzuia kuku kutoka lakini haumzuii nyoka kuingia. Mlango uelekee dirisha la chumba unacholala wewe, maana wapo wezi wenye miguu miwili.

Faida nyingine iko kwenye chanjo. Chanjo ya I-2 ya mdondo, ambao wengine huuita kideri, hutolewa tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa kaya moja, na ikishafunguliwa haikai siku nyingi, kwa hiyo majirani huchangishana. Mpango huo hufanikiwa pale tu kuku wote wanapokamatwa asubuhi moja. Walio mtini hukosa, na ugonjwa ukija huanzia kwao.

Mfanyabiashara naye hulitazama banda kwa jicho lake. Anayekusanya kuku Singida kuwapeleka Dar es Salaam anataka kujaza matenga kabla basi halijaondoka. Akikuta kuku kumi wamefungwa, anawapima kwa mkono na mnabishana bei mkiwa mmekaa. Akikuta watoto wanakimbiza jogoo kuzunguka nyumba, anajua una shida ya fedha leo na huna uhakika wa kumpata wa pili. Bei hushuka hapo hapo.

Kinachobaki ni nani atoe fedha. Miti, udongo na nyasi hupatikana kijijini, lakini misumari, wavu na bati hununuliwa. Katika kaya nyingi kuku ni wa mama, na fedha za bati ziko kwa baba baada ya mavuno. Nimekulia katika nyumba ya namna hiyo. Kuku walilala jikoni, na hawakuwahi kuzidi saba kwa sababu pembe ya jiko ilitosha saba. Ada ya shule ilitoka kwa hao saba. Vikundi vya kuweka na kukopa vinavyowakopesha akina mama fedha za vifaranga vingefanya vyema kukopesha bati mbili na wavu kwanza, na vifaranga vifuate mwezi unaofuata, banda likishakaguliwa usiku kwa tochi.