Ufunguo au Shahidi? Juu ya Hadithi Iliyofichika katika Mchezo wa Year Walk

Uhakiki wa fasihi simulizi hauna budi sasa kutazama pia michezo ya video, kwani humo masimulizi ya jadi yanapata hadhira ambayo vitabu vya ngano havijapata kuwa nayo. Mfano unaofaa kuchunguzwa ni Year Walk, mchezo wa kutisha uliotolewa mwaka 2013 na Simogo, kampuni ndogo ya mjini Malmö, Uswidi, kutokana na mswada wa filamu ulioandikwa na Jonas Tarestad. Usomaji uliozoeleka wa mchezo huu unadai kwamba hadithi inayochezwa ni ganda tu, na kwamba kiini chake kimefichwa katika shajara ya mtaalamu aitwaye Theodor Almsten. Makala hii inakubali kwamba kuna hadithi iliyofichika. Inachokataa ni kwamba shajara ndiyo ufunguo wake. Shajara ni shahidi mmoja, na shahidi hupaswa kuhojiwa.

Yafaa kuanza na mila yenyewe. Årsgång, yaani matembezi ya mwaka, ilikuwa njia ya uaguzi katika Uswidi, hasa sehemu za kusini, na habari zake zimeandikwa tangu karne ya 17. Katika mkesha wa Krismasi au wa Mwaka Mpya, mtu alijifungia gizani pasipo kula wala kuona moto. Usiku wa manane alitoka kwenda kanisani, akalizunguka kwa kwenda kinyume cha jua, na katika baadhi ya masimulizi akapuliza tundu la ufunguo la mlango wa kanisa ili ajivue Ukristo wake kwa muda. Baada ya hapo aliweza kuona au kusikia mambo ya mwaka ujao. Kaburi lililo wazi liliashiria kifo. Sauti ya watu wanaovuna katikati ya theluji iliashiria mavuno mema. Jambo la kuzingatia ni kwamba alichopewa mtembezi kilikuwa ishara. Maana yake ilibaki kutafutwa naye mwenyewe, kisha na wale waliosimuliwa baadaye.

Katika mchezo, kijana Daniel Svensson anampenda Stina, ambaye huenda akaolewa na mwanamume mwingine. Anaamua kufanya matembezi ya mwaka ili aijue hatima yao. Njiani anakutana na huldra, mwanamke wa msituni. Farasi wa kijito. Mylingar, yaani mizuka ya watoto wachanga waliouawa pasipo kubatizwa. Kunguru wa usiku. Na kyrkogrim, mlinzi wa kanisa. Mwishoni anamwona Stina katika damu.

Sambamba na toleo hilo la mwaka 2013, ilitolewa bure programu ya pili, Year Walk Companion, inayoeleza viumbe hao kwa mtindo wa ensaiklopidia. Anayemaliza mchezo hupata namba za siri zinazofungua sehemu iliyofungwa ya programu hiyo, na humo ndimo ilimo shajara ya Almsten. Shajara inaeleza kwamba Daniel aliuawa kwa hukumu ya kumwua Stina, na kwamba Almsten anatafuta njia ya kuvuka wakati ili amfikie. Mchezaji anaporudi mchezoni akiwa na maarifa hayo, mwisho wa pili unafunguka: Daniel anapewa kisu na kutakiwa ajiue kabla hajamwua mpenzi wake.

Kwa nini wasomaji wanamwamini Almsten upesi hivyo? Jibu limo katika rejesta. Maelezo kuhusu huldra na mylingar yanahusu viumbe ambao kweli wanasimuliwa na Waswidi. Almsten ni mhusika wa kubuni. Hata hivyo, yote mawili yamewekwa ndani ya jalada moja, na yote mawili yamevikwa vazi la taaluma. Imani anayoipata msomaji katika maelezo ya kwanza anaihamishia katika shajara bila kuulizwa. Laiti maneno yale yale yangetamkwa na huldra msituni, kila mchezaji angeyatilia shaka.

Yaweza kujibiwa kwamba watunzi wenyewe ndio walioiweka shajara mwishoni, kwa hiyo wamekusudia iwe neno la mwisho. Hoja hii ina uzito, lakini inachanganya mpangilio wa masimulizi na ukweli wa masimulizi. Kinachokuja mwisho ni kilichochelewa kusemwa tu. Tena, mwisho wa pili haufuti ule wa kwanza. Yote miwili imo katika kazi, na mhakiki anawajibika kwa yote miwili.

Tofauti ya tafsiri hizi mbili si ndogo. Shajara ikiwa ufunguo, kifo cha Daniel ni wokovu wa Stina, na fumbo limeteguliwa. Shajara ikiwa shahidi, linaonekana jambo la kutisha kuliko mizuka yote ya msituni: mtu anatakiwa afe kwa kosa ambalo hajalitenda, kwa neno la mgeni asiyemjua, kwa sababu tu limeandikwa. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mila ilimwachia mtembezi ishara na nafasi ya kuifikiri. Almsten anamletea hukumu na kisu. Mkusanyaji wa masimulizi ameacha kusikiliza, naye ameshika usukani wa masimulizi yenyewe. Kwa maoni ya makala hii, hiyo ndiyo hadithi iliyofichika katika Year Walk.

Hapo pana funzo kwa wanafunzi wa fasihi simulizi ya Kiswahili, ambao huenda uwandani wakiwa na daftari na kinasa sauti. Daftari la mkusanyaji nalo lina msimulizi, mwenye mapenzi na haraka zake. Neno la fanani likishaandikwa na kufasiriwa, tafsiri hiyo huelekea kudumu kuliko utambaji ulioizaa, na wasomaji wa baadaye huipokea kama ndiyo masimulizi yenyewe. Kwa hiyo anayeikuta simulizi ndani ya nyaraka za mtaalamu, ziwe za kweli au za kubuni, na aulize kwanza ni nani anayesema, na anataka msikilizaji afanye nini.